Nyama Inayokimbiwa na Nzi

Uvumi wenyewe aliusikia kwenye geti la shule, akiwa amesimama na wazazi wenzake wakisubiri watoto watoke.

Kwamba ile hoteli kubwa, ya vioo vitupu na chemchemi mlangoni, nyama yake haiozi. Kwamba umeme ulikatika siku tatu, nyama ikabaki nyekundu vilevile. Kwamba watu kumi na wawili walitoka kwenye sherehe pale wakaishia wodini, na mmoja wao, mtoto wa miaka sita, mpaka leo figo zake hazijatulia.

Wenzake walicheka kidogo, wakahamia kwenye habari za sare.

Yeye hakucheka. Uvumi ulimganda kama kupe. Alilala nao, akaamka nao, akafua nguo nao.

Majirani wanajua anauza bima. Nyumbani anaitwa Mama. Kazini, kwenye ofisi isiyo na kibao mlangoni, anaitwa Sindano.

Wiki tatu baada ya kuufikisha uvumi ule ofisini, simu ya kazi iliita.

"Sindano."

"Mkuu."

"Ule uvumi wako si uvumi tena. Kontena nne za nyama zilikataliwa nje huko, ikaamriwa zichomwe. Hazikuchomwa. Ziko bandarini kwetu, zina lebo mpya, na nyama imeshaanza kufika hotelini. Nyama imelowekwa fomalini."

"Ile ya kuhifadhia maiti?"

"Hiyohiyo. Mwenye mzigo ni mgeni, tunamwita Miwani. Kesho saa saba kasoro robo mchana anakutana na meneja wa mgahawa wa hoteli, ampe karatasi za mzigo. Bila hizo karatasi hatuna kesi. Nenda ukale."

"Nikale?"

"Ukae kama mteja. Upime, upige picha. Usimguse mtu mpaka karatasi zitoke kwenye mkoba."

Simu ikakatika.

Kesho yake saa tano na nusu alisukuma mlango wa kioo. Hereni ya kulia ilikuwa redio. Kifungo cha juu cha koti kilikuwa kamera. Ndani ya mkoba, chini ya tishu na kitana, ililala bastola aina ya Beretta. Simu yake binafsi aliiacha kwenye droo ya ofisi, ndiyo sheria.

Mhudumu alimtazama kuanzia viatu, akapanda taratibu.

"Dada, wa usaili wa kazi wanapitia mlango wa nyuma."

"Nimekuja kula, kaka."

"Kula hapa?"

"Kwani wengine mnawapikia wapi?"

Akapewa meza karibu na mlango wa choo, kwenye baraza la wazi. Kitambaa cha meza kilikuwa na duara la kahawa ya mtu mwingine. Uma ulikuwa na kiini cha yai kilichokauka katikati ya meno. Glasi ilikuwa na alama ya midomo, rangi ya zambarau.

Aliomba glasi nyingine. Mhudumu aliifuta ileile kwa aproni, akairudisha.

Sindano alihesabu moja mpaka kumi. Halafu akahesabu tena.

Supu ilifika baada ya dakika hamsini, baridi, imefunga utando juu kama uji uliosahaulika. Mkate ulilia ulipogonga sahani. Kisha nyama. Ililetwa chini ya mfuniko wa fedha, ikafunuliwa kwa mbwembwe kama bibi harusi.

Ilikuwa nyekundu mno. Limau na vitunguu saumu vilinukia mpaka barabarani, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, kinachochoma pua na kutoa machozi.

Kulikuwa na nzi watatu pale mezani. Walitua kwenye mkate. Walitua kwenye supu. Mmoja alitua mkononi kwake. Kwenye nyama walikaribia, wakageuka, wakaondoka.

Hakuna hata mmoja aliyetua.

Sindano alitoa karatasi nyembamba ya kupimia kwenye kasha la poda, akaichovya kwenye mchuzi na kuhesabu sekunde thelathini.

Ikawa zambarau iliyoiva.

"Mkuu. Kipimo kimekubali."

"Vizuri. Subiri Miwani."

Hapo ndipo alipoiona ile meza ndefu.

Wahudumu wawili walikuwa wanaipanga katikati ya ukumbi. Viti arobaini na viwili. Baluni. Na mbele ya kila sahani, kadi yenye nembo. Nembo anayoipiga pasi kila Jumapili jioni, kwenye mfuko wa sweta la binti yake.

Alimshika mhudumu mkono.

"Hawa ni akina nani?"

"Wanafunzi, dada. Walikuwa waende bustanini, bosi amewaalika leo asubuhi. Bure kabisa. Basi linafika saa saba kamili."

"Watakula nini?"

"Kama hicho chako."

Sindano aliuachia mkono wa mhudumu. Aliinamisha kichwa kama anayerekebisha hereni.

"Mkuu. Watoto wa shule wanakuja kula hapa. Mwanangu yumo. Zuia basi."

"Nikizuia basi, meneja atajua. Miwani hatakanyaga hapo."

"Saa saba kasoro kumi hii, na Miwani hajaonekana."

"Subiri."

"Watakula, Mkuu."

"Mara moja haiui mtu, Sindano."



"Mara moja ya mtoto wa nani?"

"Hiyo ni amri."

Alikuwa ameshapokea amri nyingi. Ameshalala kwenye mtaro kwa amri. Ameshavuka mpaka ndani ya pipa kwa amri. Lakini hasira iliyompanda mchana ule ilianzia kwenye nyayo, ikapita magotini, ikafika kooni, na ilipofika kooni akakumbuka kwamba amekuja kama mteja.

Na mteja ana haki ya kulalamika.

Alisimama. Akachukua mfuniko wa fedha, akaupigiza mezani mara moja.

Ukumbi mzima ukageuka.

"Namtaka meneja," alisema. "Na aliyepika hiki."

Meneja alikuja mbio, tabasamu limetangulia. Nyuma yake mpishi mkuu, kofia ndefu, uso wa mtu asiyelala.

"Mama, kuna tatizo gani?"

"Nimekaa saa nzima. Nimekula kwenye uma wa jana. Nimekunywa midomo ya watu. Hayo nimeyameza. Sasa hii nyama." Alimsogezea mpishi sahani. "Onja."

"Mimi, mama?"

"Mpishi si anaonja?"

Mpishi aliitazama nyama kama mtu anayetazama nyoka ndani ya kiatu chake.

"Nina vidonda vya tumbo."

"Meneja, onja wewe."

"Mimi nyama nimeacha. Daktari."

"Lini?"

"Zamani. Mwezi uliopita."

Mtu akacheka meza ya pili. Sindano akamgeukia mhudumu.

"Na wewe kaka? Au na wewe una daktari?"

Mhudumu alimtazama meneja, akatazama chini. "Dada, sisi wa jikoni wote tunakuja na vyakula vyetu kutoka nyumbani."

Meza nne zikaweka uma chini kwa pamoja.

Ndipo Miwani alipoingia, suti ya kijivu, mkoba wa ngozi umefungwa mkononi kwa mnyororo. Alitaka kurudi nyuma. Lakini meneja alikuwa ameshachanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa hushika chochote kilicho karibu.

"Huyu hapa," alipiga kelele. "Huyu ndiye anatuletea. Bwana, muoneshe huyu mama vyeti. Si unavyo? Muoneshe aondoke, wageni wanafika."

Miwani alitabasamu kwa dharau. Mtu anayejivunia vyeti vyake vya kughushi hachoki kuvionesha.

"Mama, haya mambo ni ya kitaalamu," alisema, akafungua mkoba.

Karatasi zikatoka.

Kamera ya kifungo ililia kidogo, mara nane. Vyeti vilikuwa juu. Chini yake orodha ya kupeleka mzigo: hospitali ya watoto, chuo cha wauguzi, shule tano. Ya kwanza ilikuwa ile ya nembo.

"Asante," alisema Sindano, akazivuta zote.

Tabasamu la Miwani likafa. Mkono wake ukaingia ndani ya koti.

Sindano alishusha mfuniko wa fedha juu ya kifundo cha mkono ule kwa nguvu zote za mwanamke aliyelea peke yake. Bastola ndogo ikaanguka kwenye supu. Alimpinda mkono, akamlaza uso kwenye sahani ya nyama.

"Onja basi wewe."

Miwani alifumba mdomo kwa nguvu zake zote.

Meneja alikimbilia jikoni. Mpishi mkuu alisimama katikati ya mlango, mikono kifuani.

"Nipishe."

"Kaa chini, bosi," alisema mpishi. "Nimechoka."

"Mkuu," alisema Sindano kwenye hereni. "Karatasi zimetoka kwenye mkoba. Leta gari."

Toyota Hilux mbili ziliingia zikipanda ukingo wa maua. Vijana waliwachukua wote watatu, mpishi akitangulia kwa miguu yake mwenyewe, anasimulia kabla hajaulizwa. Wengine walifunga chumba cha baridi kwa utepe na kufuli.

Basi la shule lilikuwa linakata kona. Sindano alisimama katikati ya lango, mkono juu, mpaka bampa likafika hatua mbili kutoka magotini mwake.

"Dereva, geuza. Jiko limefungwa."

Binti yake alitoa kichwa dirishani. "Mama? Unafanya nini huku?"

"Nauza bima."

"Tutakula nini sasa?"

"Mkate na mayai. Rudisha kichwa ndani."

Basi likageuka, watoto wakinung'unika njia nzima. Hereni ikakwaruza.

"Sindano, ulikiuka amri. Tutaongea ofisini."

"Tutaongea, Mkuu. Njoo na chakula chako."

Akaivua hereni, akaitia kwenye mkoba, akavuka barabara bila haraka.

Jioni ile, alipopata simu yake, aliandika kwenye kundi la wazazi:

Wazazi wenzangu, epukeni haya.

Nyama ambayo nzi wanaikimbia.

Nyama iliyo nyekundu siku ya tatu bila barafu.

Harufu inayochoma macho, hata ikifunikwa na limau na vitunguu saumu.

Mpishi anayekataa kuonja.

Jiko ambalo wafanyakazi wake wanabeba chakula kutoka nyumbani. Waulizeni, watawaambia.

Uma mchafu. Kama wameshindwa kuosha unachokiona, usichokiona je?

Chakula cha bure kwa watoto ambacho mzazi hakuambiwa.

Kukaa mkijiambia labda ni mimi tu ninayeona vibaya, halafu mkameza.