Unga Tatu Yuko Hewani

Tuseme ukweli mapema tusichoshane: siku ile mjinga alikuwa yeye. Na hakuwa mjinga wa chumbani, wa kusitiriwa na ndugu. Alikuwa mjinga wa hewani, aliyesikika kwenye magari yote ya msaada, kuanzia ghalani mpaka mpakani.

Aliendesha lori la tatu la unga, ndiyo maana redioni aliitwa Unga Tatu. Mgongoni alibeba magunia yenye bendera za nchi ambazo hata hakujua ziko upande gani wa dunia, akiwapelekea wakimbizi waliovuka mpaka wiki ile. Kazi ya heshima kabisa. Lakini masikio yake hayakuwa kwenye kazi. Yalikuwa kwenye redio ya gari, ambako mchumba wake alikuwa anacheka na mwanamume mwingine.

Mchumba ndiye aliyekuwa mwongozaji wa magari. Alikaa kituoni mbele ya redio, kila dereva akiripoti kwake, naye akiwaambia njia ipi inapitika. Madereva walimbatiza Sauti.

— Maji Moja, Kituo hapa. Bado uko na mimi?

— Niko na wewe, Kituo. Mpaka mwisho wa dunia.

— Mwisho wa dunia hauna barabara. Nihadithie ile ya mama mkwe wako na mbuzi.

— Tena?

— Tena! Ile sehemu ya dirisha.

Maji Moja, dereva wa tangi la maji, akahadithia. Sauti akacheka. Kicheko kile kinachoanzia puani na kuishia kwa kwikwi, ambacho Unga Tatu aliamini kimeumbwa kwa ajili yake peke yake.

Akakwapua kipaza sauti.

— Kituo, Unga Tatu hapa. Nimepita daraja dogo.

— Nimekupata, Unga Tatu. Endelea.

Basi. "Endelea." Neno kavu kama mfuko wa saruji.

Akaegesha lori kilimani, penye mtandao wa simu. Akatupa kipaza sauti kitini, akajiweka sawa, akampigia shangazi yake aliyesimamia posa.

— Shangazi, simamisha kila kitu.

— Kila kitu kipi? Nguo zimeshashonwa!

— Harusi. Yule binti anachekea wanaume mchana kweupe.

— Wanaume wangapi?

— Mmoja. Lakini anamchekea sana!

Shangazi akaguna.

— Si ndiyo kazi yake, kuongea na madereva?

— Kazi hiyo mwisho wake ni harusi. Nikishamuoa, redio ataisikia kwa jirani. Simwambii sasa, atagoma. Atajua akishaingia ndani.

— We mtoto! Si ulimwahidi mama yake, mimi nimekaa pale pale, kwamba kazi ya binti yake hutaigusa?

— Nilisema ili yaishe. Na huyo Maji Moja, kichwa kama ndoo... Umesikia, shangazi? Kimya! Redio imenyamaza ghafla. Unajua maana yake? Wamehamia chaneli nyingine, wako peke yao!

Hakuna aliyehama. Kipaza sauti alikuwa amekikalia, kitufe kiko chini ya paja. Na redio zile ndivyo zilivyo: aliyebonyeza husikika yeye, wengine wote wamefungwa midomo, na yeye mwenyewe hasikii kitu.

Mlango wa lori ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa Babu Breki, dereva mkongwe wa lori la nyuma, anahema kama aliyefukuzwa na mbwa.

— Inua paja!

— Shikamoo, mzee. Paja gani?

— Marahaba, hilo hilo la kulia! Umekalia redio! Tumekusikia wote, mpaka wapishi wa kambini!

Akainua. Redio ikalipuka.

— ...Maji Moja, usishuke mtoni! Daraja kubwa limezama! Maji Moja, nijibu!

Unga Tatu akainamia redio.

— Kituo, nimeshashuka. Nimeona mto nikafunga breki, gari likaserereka, sasa magurudumu yako ndani ya tope. Mimi mzima. Usingizi umeisha wenyewe.

— Usingizi? Unga Tatu akauliza.

— Yule hajalala tangu juzi, Babu Breki akamjibu. Watu wanazidi kuvuka, matangi ni yale yale, na mwenzake wa zamu anaumwa. Binti wa watu anamchekesha asisinzie kwenye usukani. Ungekuwa na akili ungemsaidia kuchekesha.

Sauti akarudi hewani, hana hata chembe ya kicheko.

— Unga Tatu, una mnyororo?

— Ninao, mpenzi.

— Hapa hakuna mpenzi. Kamvute Maji Moja.

Huko mtoni alimkuta mpinzani wake amezama tope hadi magotini. Kwa bahati mbaya, alikuwa na sura nzuri kuliko hata sauti yake ya redioni.

— Wewe ndiye mwenye paja?

— Ndimi. Nisamehe, kaka.

— Nimesamehe. Ila kichwa changu cha ndoo ndicho kinachokumbuka. Maji Moja akafunga mnyororo, akapangusa mikono, akaendelea: Halafu niambie, harusi bado ipo? Maana suti ninayo.

— Panda gari lako tuvute!

Lori likanguruma, tangi likachomoka. Unga Tatu akarudi kilimani penye mtandao, akampigia Sauti simu. Sauti akakata. Akapiga tena. Akakata. Kisha ukaingia ujumbe:

"Kumbe mama yangu alidanganywa. Umenitangaza redioni. Kama una la kusema, lisemee huko huko, kwa kifupi."

Akakishika kipaza sauti kwa mkono safari hii.

— Kituo, Unga Tatu hapa. Maji Moja ametoka, anazungukia njia ya juu.

— Nimekupata. Na lingine?

— Nilimdanganya mama yako. Nilimwambia kazi yako siigusi, na moyoni nilishakuachisha.

— Kwa nini niko kwenye redio hii? Unajua, nilikueleza. Waeleze na wenzako.

Akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

— Ulivuka mpaka huu ukiwa mtoto. Mkakaa juani mkisubiri gari la maji, likapotea njia.

— Halikuwa na wa kuliongoza. Mdogo wangu hakuliona lilipofika. Endelea.

Hii "endelea" haikuwa kavu. Ilitetemeka.

— Kazi ibaki yako. Nitamwambia mama mwenyewe, uso kwa uso. Naomba na mimi nibaki... Harusi ipo?

Njia nzima madereva walibana pumzi. Hata Maji Moja, mwenye suti yake.

— Ipo.

Mahali fulani lori likapiga honi ndefu, bila shaka Babu Breki. Mtu mwenye akili angeishia hapo, akashukuru, akawasha gari. Lakini wivu ulishamkalia kooni.

— Na Maji Moja je? Utaendelea kumchekea vile vile?

— Unga Tatu, harusi ipo, kazi ipo, na kicheko kipo. Sasa achia kitufe, kuna watu wana kiu.