Mteja Aliyejaza Gauni

Mniwie radhi mapema, hii nitaiharibu. Kazi yangu ni kuchekesha watu jukwaani, kwa tumbo hili na sura hii niliyopewa bure, na mtu aliyezoea kuanguka makusudi hajui kunyata gizani. Nikicheka mahali pa kutetemeka, msinifuate.

Jioni ile nilikwenda kwa dada yangu kuchukua suruali ya jukwaani. Dada ni fundi cherehani, chumba chake kimoja kinatazama barabara. Alikuwa ameitanua kiunoni kwa mara nyingine.

"Ukinenepa tena nitaunga pazia," akasema.

"Unga. Litaona watu wengi kuliko hapo dirishani."

Jua lilikuwa linazama. Akawasha taa, akakaa kwenye mashine, akaniambia lile analoniambia kila nikija: "Haya, nitishe."

Dada ni mwoga wa kupigiwa mfano. Mjusi akianguka ukutani, yeye yuko juu ya meza. Lakini hadithi za giza anazipenda kama mtu anayejua pilipili itamliza, na bado anachovya. Huziba masikio, kisha hutoa kidole kimoja: "Usiniache hapo!"

Nikaanza. Mwanamke peke yake nyumbani, anasikia hatua juu ya paa...

Mlango ukasukumwa.

Akaingia mwanamke mwembamba kama ufito, gauni jeusi mkononi. Harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi ikaingia naye.

"Nataka lipunguzwe," akanong'ona. "Linanipwaya."

Dada akamvalisha juu ya nguo zake, akachukua pini. Kweli lilimpwaya, ungeficha mbuzi mle ndani.

"Endelea, kaka," mgeni akaniambia. "Nilikuwa nasikiliza hapo nje."

Msanii kuongezewa mtazamaji! Nikasimama, sauti nikaishusha. Hatua juu ya paa. Tap... tap... Halafu kimya. Halafu mkono, taratibu, unatoka chini ya kitanda...

"Mama yangu!" dada akalia. "Endelea!"

Pini ya kiunoni ikaruka. Akabana nyingine. Ikaruka.

"Mama, umevuta pumzi? Hebu ishushe kidogo."

"Mimi sipumui," mgeni akajibu, kwa upole.

Dada akacheka kwa adabu, akidhani ni mzaha. Mimi mizaha ni kazi yangu. Ule haukuwa mzaha.

Lakini nilikuwa nimeshapamba moto. Kucha za ule mkono. Baridi yake. Uso wa mgeni haukutikisika hata ukope. Pini tu zilidondoka sakafuni, ti... ti... ti... na gauni likajaa. Kifua. Mabega. Mikono.

Ndipo bangili ya dada ikamtoka, ikabiringika hadi miguuni pangu. Bangili ile haikuwahi kuvuka kiganja tangu aolewe. Tulishaijaribu hata kwa sabuni.

Nikamtazama.

Mashavu yalikuwa yamebonyea. Blauzi ilimning'inia kana kwamba imeanikwa. "Naogopa," akasema kwa midomo mikavu. "Endelea..."

Alikuwa anakwisha. Kila alipoogopa alipungua, na kilichopungua kiliingia kwenye gauni.

"Na ule mkono?" mgeni akanong'ona. "Ulimshika wapi?"

Nikanyamaza. Kosa! Kimya kilimtisha dada kuliko mkono. Mshono wa bega la gauni ukapasuka, *krrr*, na dada akashikilia mashine asianguke.

Nikafanya jambo pekee ninalolijua.

"Ule mkono ulikuwa wa mumewe!" nikapayuka. "Kajificha chini ya kitanda, anamkimbia mama mkwe. Na juu ya paa ni mama mkwe mwenyewe, anamtafuta na mwiko!"

Nikamwiga mama mkwe akipita juu ya mabati na uzito wake wote. Bati likamsaliti. Nikaanguka ndani ya kapu la vitambaa, miguu juu.

Dada akakohoa. Hapana, hakikuwa kikohozi. Kilikuwa kicheko, chembamba kama uzi, halafu kikanenepa. "Mjinga wewe! Mama mkwe juu ya paa!" Akacheka mpaka machozi. Damu ikamrudi usoni, na gauni likaanza kusinyaa, kidogo kidogo, hadi mgeni akawa ufito tena.

Akalivua, akalikunja, akaenda mlangoni bila kutoa sauti ya hatua. Pale akageuka.

"Mwanzo ulikuwa mzuri," akanong'ona. "Mwisho haukuwa na nguvu."

Watu huniuliza: alikuwa jini, mchawi, au mzimu? Sijui. Ninachojua ni kwamba alikuwa anaondoka zake, mguu mmoja uko nje, na dada ananifinya ninyamaze.

Nami nikasema, "Mama, njoo kesho. Nina mwisho mwingine."