Abiria wa Kona ya Ngungu

Kioo kilichora mtu, na barabarani hapakuwa na mtu.

Aurélie ndiye aliyebuni michoro ya kioo cha mbele cha gari lile linalojiendesha, ambalo mradi mmoja wa Goma ulikuwa ukilijaribu kwa kubeba wagonjwa kutoka vilima vya Ngungu hadi hospitali ya Kirotshe. Watu waliogopa gari lisilo na shofere, hivyo kioo kiliwaonyesha kile gari linachokiona: ng'ombe kwa mistari ya njano, mashimo kwa nyekundu, watu kwa nyeupe. Asubuhi ile, kwenye kona iliyo juu ya mashamba ya maharage, mistari myeupe ilisimama peke yake kando ya njia. Mwanamke. Mikono yake ilishika tumbo.

"Hako, unaona muntu pale?"

Hakorimana, fundi aliyekaa karibu na breki ya dharura, alisogeza uso. "Hapana, dada. Iko ukungu tu."

Lakini gari lilikuwa limeshapunguza mwendo. Walipopita pale, harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa ikajaa ndani, ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa.

Ikawa hivyo kila safari. Papa Noël, mzee mwenye vidonda mguuni, alimwona mwanamke yule kiooni akigeuza kichwa kuwatazama. Akaomba kushuka, akaona heri achechemee hadi Kirotshe. Ndipo Michel, mkuu wa mradi, akapiga simu kutoka Goma.

"Ondoa ile picha. Kioo iko ya kutuliza batu, siyo ya kubaogopesha."

"Lakini gari inamuona, Papa Michel."

"Gari ione. Abiria basione."

Aurélie alitii, na mwanamke akatoweka kiooni. Abiria wakarudi. Yeye tu ndiye, kila wakifika kwenye kona, aliyetazama pale patupu huku akijua si patupu.

Kisha uchungu ukamshika Uwimbabazi, mjamzito wa Ngungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake, Bénédicte, mzaliwa wa Pinga aliyeolewa Ngungu. Ukungu ulikuwa mzito. Kwenye kona, gari likasimama.

Kioo kiliandika: Njia iko wazi. Gari halikusogea. Hakorimana alishika usukani. Ulikuwa mgumu kama kisiki. Kisha ikaja ile harufu, na baada ya harufu kucha zikakwaruza bati, taratibu, kama za mtu anayepapasa kutafuta kitasa, zikapita mlango wa mbele, zikafika wa nyuma, zikanyamaza, na katika ukimya ule Aurélie akasikia pumzi, si ya Hakorimana aliyekuwa ameibana yake, si ya mgonjwa wala ya mama yake, bali pumzi ya tano, fupifupi, ya mtu mwenye uchungu wa kuzaa, ikitoka ndani ya gari.

"Rudisha picha," Hakorimana alinong'ona. "Afazali tumuone."

Aurélie akairudisha. Pembeni mwa kioo, pale panapoonyesha walioketi, nyuma kulikuwa na watu watatu. Wa tatu alikuwa amepiga magoti, kiganja chake juu ya tumbo la Uwimbabazi.

"Mukono!" Uwimbabazi alilia. "Mama, mukono ya baridi!"

Bénédicte aliutazama mchoro. "Huyu njo Valérie, muke ya Luc wa Ngungu," alisema kwa sauti ya chini. "Walimubeba na kipoyi, ile machela ya miti, wakati ya vita, mimba inamusumbua. Alingojea gari hapa. Gari haikukuja. Masasi ya bunduki ikalia, bakamuzika mbio mbio, bila kilio."

Akachukua maji mdomoni, akayapuliza sakafuni kama walivyofanya bibi zake kuwatuliza wafu, kisha akafanya ishara ya msalaba.

"Mama Valérie, pole sana. Gari imekuja. Ikaa, tuende pamoja. Lakini mutoto huyu umuachilie."

Muda mrefu hakuna kilichotikisika. Kisha, kiooni, kiganja kikainuka. Gari likaondoka.

Wakafika Kirotshe. Uwimbabazi alipasuliwa, na mtoto wa kike akalia kwa nguvu. Aurélie, aliyebaki garini, alimwona mwanamke wa mistari akishuka, akivuka ua wa hospitali, akififia mstari mmoja mmoja hadi akaisha. Aurélie akalia pia, asijue kama ni hofu au ni huruma.

Walipanda kurudi mioyo ikiwa myepesi. Kona ilikuwa tupu. Hakorimana akacheka.

Walipoipita kona, kioo kikaanza kuchora. Mtu mmoja kando ya njia. Kisha wawili. Kisha msururu mzima ukipanda kilima ndani ya ukungu: wanaume wenye kipoyi mabegani, akina mama wenye vifurushi vichwani, wazee, watoto walioshikana mikono, wote wameinua mkono mmoja kama watu wanaosimamisha gari.

"Bamesikia," Hakorimana alinong'ona. "Bamesikia kwamba tunabeba na bale balikufa."

"Tupite. Usisimame, Hako."

Hakorimana hakugusa kitu. Gari lenyewe likapunguza mwendo, likasimama, na milango yote minne ikafunguka.