Kamaldine Alipochagua Bomba la Kimya

— Chagua, ndugu. Hii inapiga kelele, hii inanyamaza. Moto moja haibebe zote mbili.

Alimasi, fundi wa pikipiki, au moto kama tunavyoziita hapa Kasongo, alikuwa amelaza mabomba mawili ya moshi juu ya gunia. La kwanza jipya, linang'aa, la kunguruma mpaka kuku wakimbie. La pili lilitoka kwenye pikipiki iliyokufa, zito, halina sauti kabisa.

Kamaldine akakuna kichwa. Moyo wake ulikuwa kwenye lile la kelele, na nani asingelitaka? Lakini maneno ya Mzee Faradji wa Kabambare, baba wa mchumba wake Chadia, yalikuwa bado masikioni:

"Mukwe gani anaingia katika mutaa kama mashini ya kusaga mihogo? Nyamazisha hiyo moto kwanza, kisha tutaongea siku ya ndoa."

Posa ilikuwa imepokelewa. Na kwa Mzee Faradji, posa ikipokelewa mchumba haonekani tena. Haingii uani, haongei na binti, hata simu ya Chadia mzee aliifungia sandukuni. Kilichobaki kwa wapenzi hawa ni mlio. Kila Jumanne na Ijumaa Kamaldine akipeleka sabuni na chumvi Kabambare, bomba lake bovu lilikohoa nyuma ya jiko la kina Chadia. Chadia aliujua ule mlio kati ya pikipiki mia. Alifungua mlango wa uani nusu, wakatazamana, basi. Wakashiba mpaka siku nyingine.

Na bado mjinga huyu akasema:

— Weka ya kimya. Ninataka muzee anipende.

— Na eshapema yako ya zamani, hii bomba ya kukohoa?

— Mupatie Djamali. Yake imeoza.

Djamali ni dereva mwenzake wa njia hiyo hiyo. Mimi ningekuwa pale, ningempiga Kamaldine kofi.

Jumanne akapita nyuma ya jiko. Mlango haukufunguka. Ijumaa pia. Akajiambia labda ni haya, ndoa inakaribia. Apige honi? Mzee angesikia. Abishe hodi? Posa ingevunjika. Akapita hivyo wiki tatu, polepole, akizitazama mbao za mlango. Siku moja akakutana na Mzee Faradji barabarani, mzee akatabasamu.

— Sasa umekuwa mutu muzima, mutoto yangu.

— Asante, baba.

Kumbe ndani Chadia alikuwa akisikia mengine. Mlio anaoujua ulipita nyuma ya jiko bila kupunguza mwendo, ukaenda kuzimika nyumba ya tatu, kwa Yvette, mwanamke asiye na mume. Jioni unaingia, asubuhi unatoka. Mara ya kwanza alifungua mlango akaona vumbi tu. Mara ya nne hakufungua.

Alimwambia baba yake:

— Simutaki tena Kamaldine.

— Sababu ya nini? Kijana ametulia!

Angejibu nini? Aseme alikuwa akimchungulia kwa siri? Akalia tu. Na kwa kuwa mfanyabiashara mmoja wa Nyangwe alikuwa ameshauliza habari ya kumwoa mara mbili, mzee hakusubiri aulize ya tatu.

Wiki hiyo Kamaldine alikuwa Lusangi, mnyororo umekatika, anangoja mwingine mahali pasipo na mtandao. Siku sita. Aliporudi Kasongo, akiwa pale pale kwa Alimasi, simu ikaamka na ujumbe kutoka namba ya shangazi yake Chadia:

"Kamaldine, umelala kwa Yvette mara ine na mulango yangu unaipita tu. Nimesikia kwa masikio yangu. Kama ni uongo, kuja useme mbele ya baba. Ijumaa wananiozesha kwa mwingine. Chadia."

Ujumbe ulitumwa Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Akapiga namba ya Chadia mwenyewe, ile iliyofungwa muda wote. Ikaita.

— Alo?

— Chadia! Simu yako iko wazi?

— Wamenirudishia jana. Siku ile ile walinipatia bwana.

Kamaldine akapaza sauti.

— Mi sijaingia kwa Yvette hata siku moja!

— Usiongope. Nilisikia moto yako.

— Ngojea kidogo. Djamali! Washa moto yako!

Djamali aliyekuwa akinywa chai kando akapiga kiki. Bomba likakohoa. Kamaldine akalisogezea simu.

— Unasikia?

— Ni ya kwako.

— Si yangu tena! Djamali ndiye ameikalia. Nilimupatia eshapema yangu, yeye ndiye anaenda kwa Yvette. Yangu haina sauti sasa. Nilipita kwenu mara sita, Chadia. Mara sita!

Djamali aliinamisha kichwa, aibu imemjaa.

— Sababu ya nini uliibadilisha? Chadia akauliza.

— Baba yako alitaka.

— Na mimi nilitaka nini?



— Niambie nifanye nini, Kamaldine akasema. Nitakuja leo.

— Utakuja kufanya nini? Ndoa imefungwa. Watu wamekula wali. Kesho tunaenda Nyangwe.

— Nitamueleza muzee.

— Atakuelewa. Pengine atalia. Kisha atakuambia urudi kwenu.

Nyuma yake sauti ya mwanamume ikauliza, kwa upole, kama amekula. Chadia akajibu ameshiba.

— Anakutesa? Kamaldine akauliza, na aibu ikampata, maana alikuwa akitamani asikie ndiyo.

— Hapana. Ni mutu muzuri.

— Lakini unaniamini?

Chadia alikuwa akilia sasa, taratibu, wasimsikie.

— Ninakuamini, Kamal. Ninakuamini na mi niko bibi ya mutu.

Akakata. Kamaldine akapiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Aliendelea kupiga mpaka betri ikamwishia.