Turbo Iliyotoka Issuna

Asubuhi ile Winfrida aliingia gereji kufagia, akakuta feni ya turbo bado inazunguka.

Turbo yenyewe ilikuwa juu ya meza ya spana, haijafungwa popote. Kilikuwa chuma kilichojikunja kama konokono, ukubwa wa tikiti dogo, kimelazwa juu ya kiroba. Jioni ya jana yake mume wake, Festo, aliisukuma ile feni kwa kidole ili amwonyeshe inavyozunguka laini. Kisha walifunga mlango wakaenda kula. Hakuna mtu aliyeingia tena.

Winfrida aliweka ufagio chini, akaisimamisha feni kwa ncha ya kidole. Ilikuwa na joto. Si joto la kuunguza, bali kama la paji la uso la mtoto mwenye homa.

Alifikiria kumwambia Festo, akaona haya. Siku moja mafundi wa jirani walimcheka alipoiita jeki "ile ya kunyanyulia", na tangu hapo alikuwa akifagia, akileta chakula, na kunyamaza. Siku hiyo pia alinyamaza.

Gari lililosubiri turbo lilikuwa Altezza nyeupe ya Chetan, kijana wa duka la vifaa vya ujenzi pale Singida mjini. Chetan alitaka kwenda nalo kwenye mashindano ya magari Dodoma, na kwa kuwa injini yake haikutoka kiwandani na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ili gari lipate nguvu, alimwachia Festo achague seti ya kufunga. Kabla ya kusafiri kwa shughuli za duka alimtania Festo kwamba anachagua turbo kama mtu anayechagua mke, anaitazama mbele, anaitazama nyuma, halafu anaomba siku mbili za kufikiri.

Festo alikuwa na seti tatu za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa mpya na kubwa, ile Chetan aliyoipenda kwenye simu. Festo aliikataa. Alisema injini ile ndogo ingechelewa kuizungusha, na siku ikishika ingepasua pistoni. Ya pili ilikuwa mpya na ndogo, ya kufaa, ila ilikosa mabomba na ingebidi ayachomelee mwenyewe. Ya tatu aliileta Sostenes, dalali wa vipuri, ndani ya kiroba kutoka Issuna. Ilikuwa imetumika, lakini imekamilika, na kila bomba lilikaa mahali pake kana kwamba lilipimwa kwenye Altezza ile ile.

Turbo iliyotumika hukaguliwa kwa kutikisa shafti yake, maana ikichezacheza imekwisha. Festo aliitikisa hii, haikucheza hata kidogo. Alimwuliza Sostenes imetoka gari gani. Sostenes akasema gari lilipata ajali, akaomba maji ya kunywa, akaondoka kabla ya kuletewa.

Festo akachagua ya tatu.

Alimaliza kuifunga siku ya tatu, kwenye saa nane mchana, jua likiwa kali na barabara tupu. Winfrida alimletea chakula, amembeba mgongoni binti yao Belinda, mwenye miezi minane. Akakuta injini inanguruma na boneti iko wazi, lakini Festo hayupo. Hewa ilinuka oili mpya, na chini ya harufu ya oili kulikuwa na harufu nyingine, ya maziwa yaliyochacha.

Kutoka ndani ya injini ulitoka mluzi mwembamba. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, na ndani ya mluzi akasikia jina.

"Belinda."

Mtoto wa miezi minane akiitwa, mama yake huitika kwa niaba yake. Winfrida alifundishwa hivyo na mama yake, naye alifanya hivyo kila siku, kwa majirani, kwa mama yake Festo, kwa Festo akirudi jioni, ili mtoto akue akijua kuitika. Alidhani Festo yuko chini ya gari. Akafanya sauti nyembamba ya kitoto, akaitika.

"Abee."

Mluzi ukakatika. Festo akaingia kutoka nje, mikono inachuruzika maji, akauliza anaongea na nani. Winfrida akasema haongei na mtu.

Festo alipozima injini, Belinda akakohoa mara moja.

Saa moja baadaye mtoto alikuwa anavuta hewa kama mtu anayenyonya kitu kizito kwa mrija. Kwenye zahanati muuguzi alimsikiliza kifua akasema ni safi, haoni kitu, wampeleke hospitali upesi. Festo akakimbia kuchukua Altezza kwa kuwa ndilo gari lililokuwapo. Alipoiwasha, midomo ya Belinda iliyokuwa imeanza kuwa ya bluu ikarudi rangi yake, akapumua, akatafuta ziwa.

Kwenye geti la hospitali Festo akazima gari. Kifua cha mtoto kikasimama.

Akawasha. Kikaenda.

Winfrida hakutaka azime tena. Lakini Festo alikuwa fundi, na fundi hujaribu kitu mara ya pili ili awe na hakika. Akazima. Waliona wote wawili macho ya mtoto yakigeuka, na mkono wake mdogo ukikamata hewa, na mle ndani ya injini iliyozimwa wakasikia feni ikiendelea kuzunguka, taratibu, kama kitu kinachotafuna. Festo akawasha gari huku analia.

Akampigia Sostenes. Simu iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Ile turbo," Festo alisema kwa sauti ya chini. "Niambie ukweli. Nina mtoto hapa."

Sostenes akasema lile gari halikugonga kitu. Lilikutwa katikati ya shamba la alizeti, halina hata mkwaruzo, na dereva kakaa wima, mkanda kaufunga, mdomo wazi. Ndugu zake walitaka kile chuma kizikwe kabla ya matanga kuisha. Walikuwa wamekwenda kwa mganga, Bibi Amne wa Kinampanda, naye ndiye aliyewaambia wakizike. Kazi ya kukizika alipewa yeye Sostenes.

"Nikazika kiroba cha mawe," alisema. "Niliona ni chuma tu, Festo. Usizime gari. Nenda kwa yule bibi."

Wakaondoka mjini kwa barabara ya Misigiri. Mshale wa mafuta ulikuwa umebaki chini ya robo. Waliingia kituo cha mafuta, mhudumu akasema hajazi gari linalonguruma, na alipoona Festo anamshika shati akarudi nyuma na kuita wenzake. Wakaondoka bila mafuta.

Hapo ndipo walipogundua jambo la pili. Gari likienda taratibu, mtoto alipumua kwa shida; likienda mbio, na mluzi ukipanda, Belinda alipumua vizuri, akachangamka, akacheka hata. Kila kijiji kilikuwa na matuta, na kila tuta Festo alipunguza mwendo, na kila alipopunguza Winfrida alihisi kifua kidogo kinabana juu ya kifua chake, hadi akamwambia mumewe asipunguze, yeye aliyekuwa akiogopa mwendo tangu utoto, akamwomba asipunguze, nao wakapita juu ya tuta kwa kishindo kilichowagonga vichwa, mbuzi wakitawanyika, watu wakitukana nyuma yao ndani ya vumbi, na mtoto akicheka, akicheka kwa sauti ambayo Winfrida hakuwahi kuisikia, huku harufu ya maziwa yaliyochacha ikijaa kila mahali. Ndipo akaelewa yule dereva wa Issuna alikuwa anakimbilia nini. Alikuwa anaitafuta pumzi yake.

Taa ya mafuta iliwaka walipoacha lami kubwa na kukata kuelekea Kiomboi. Hawakuizungumzia.

Bibi Amne alikuwa anachambua mtama uani kwake. Alikuwa mwanamke mfupi, kajifunga kanga mbili, miguu ina vumbi. Winfrida akamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kusimama. Alilitazama gari linalonguruma, akamtazama mtoto, akasukuma ungo pembeni.

"Walinidanganya kwamba kimezikwa," alisema. "Nani aliitika?"

Festo akasema hakuna aliyeitika kitu. Bibi akarudia swali lile lile, akimtazama Winfrida.

Winfrida alitaka ardhi immeze. Njia nzima alikuwa amelibeba lile neno mdomoni na hakuweza kulitoa mbele ya mume wake.

"Ni mimi," alisema. "Lilimwita mtoto. Nikamwitikia."

Festo alimgeukia, kisha akamwuliza bibi wafanye nini.

Bibi Amne akawaeleza kwa maneno machache. Lile ni jini linaloishi kwa pumzi ya watu, na halichukui ila likiitikiwa. Kuliondoa ni lazima gari lizimwe. Litaita tena mara tatu, kwa sauti yoyote litakayoona inafaa. Likikosa jibu mara zote tatu, halina haki tena juu ya mtoto.

"Na mtoto je, gari likizimwa?" Festo aliuliza.

"Atavumilia atakavyoweza," alisema bibi. "Mafuta mnayo ya kungoja kesho?"

Hawakuwa nayo; mshale ulikuwa umelala kabisa. Festo akazima gari, akatia ufunguo mfukoni.

Bibi akawasha ubani kwenye kigae, akaanza kusoma kimoyomoyo. Jua lilikuwa linashuka. Belinda alinyooka mapajani mwa mama yake.

"Belinda," injini ikaita. Ilikuwa sauti ya Festo, ile ya jioni akirudi nyumbani, na Festo mwenyewe alikuwa amesimama palepale midomo imefungwa. Winfrida akauma ukosi wa gauni lake. Kimya.

"Belinda, mjukuu wangu." Sasa ilikuwa sauti ya mama yake Winfrida, aliyezikwa kabla Belinda hajazaliwa, ikimwita mjukuu ambaye hakumwona, kwa upole, kama mtu anayegonga mlango akijua watu wamo. Winfrida akatikisa kichwa, machozi yakashuka, hakuitika. Midomo ya mtoto ilikuwa bluu.

"Bado moja," Bibi Amne alinong'ona.

Wakangoja ya tatu.

Haikuja. Ubani ulipanda wima bila kutikisika, na mle ndani ya gari feni ilisikika ikizunguka, bila haraka yoyote, na Bibi Amne akaacha kusoma kwa sababu na yeye alikuwa ameelewa, kwamba lile lililokuwa mle halikuwa limekatazwa kungoja, lingeweza kungoja ya tatu mpaka usiku, mpaka kesho, na mtoto hakuwa na usiku wala kesho, alikuwa na dakika, na dakika zenyewe zilikuwa zinaisha pale pale mapajani mwa Winfrida, ambaye alikuwa akimtikisa, akimpulizia puani, akimwomba Mungu, akimwomba bibi, akiliomba lile gari liite, liite tu basi.

Festo alienda mbele ya gari, akaweka mikono yote miwili juu ya boneti.

"Naam," alisema. "Huyu mtoto hakukuchagua. Nilikuchagua mimi. Zilikuwa tatu, nikakuchukua wewe."

Bibi Amne alinyanyuka kumvuta, akachelewa.

Belinda alivuta hewa kwa mkoromo, akalia, kilio cha kawaida cha mtoto mwenye njaa. Wakati huohuo injini ikawaka, ufunguo ukiwa bado mfukoni mwa Festo. Alijishika kifua. Alimtazama Winfrida kana kwamba anamwomba radhi, akaingia garini, na Altezza ikatoka uani ikirusha mchanga, tangi likiwa halina mafuta.

Winfrida alikimbia mpaka barabarani, mtoto mkononi. Alifungua mdomo kuita jina la mume wake, lakini kiganja kikavu cha Bibi Amne kikamziba kutoka nyuma.

"Usimwite," bibi alisema sikioni mwake. "Kuanzia leo ukimwita, hutajua nani anaitika."

Walisimama pale giza likiingia, wakasikia mluzi ukipanda kuelekea Kiomboi, juu ya tuta la kwanza, juu ya la pili, bila kupunguza. Belinda alinyonya, akashiba, akalala, pumzi yake ikienda vizuri. Baada ya muda mluzi ukageuka, ukaanza kurudi.