Waya wa Mgodini Uliogeuzwa Kamba ya Nguo

Dorkasi alikuwa na kamba mpya ya kuanikia nguo. Haikuwa ya katani. Ilikuwa waya mnene wa shaba. Aliupata shambani, siku kina mama wa kijiji cha ujamaa walipochimba matuta ya maharage. Jembe lake liliukata. Akauvuta hatua kumi, akaumalizia kwa panga. Umeme haukumpiga.

"Huu umekufa," alisema, akaenda nao nyumbani.

Chini ya shamba hilo palikuwa na mgodi mdogo wa kijiji. Fanueli, mume wake, aliendesha pampu ya umeme iliyotoa maji shimoni. Jioni moja alirudi akicheka.

"Mama Sefania, leo pampu imenitekenya!"

"Imekutekenyaje?"

"Nikiigusa, vidole vinaniwasha. Mwenzangu Silvano anasema inanipenda kuliko wewe."

Dorkasi hakucheka. Alijua mumewe husimama ndani ya maji, mpaka magotini.

"Kesho usishuke, Baba Sefania."

"Nisiposhuka shimo litajaa. Wenzangu watachimba wapi?"

Asubuhi Dorkasi alisali, kisha akamwahi Hezekia, fundi wa jenereta ya mgodi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Akamweleza. Hezekia alizima jenereta hapo hapo.

"Asishuke mtu!" alipaza sauti.

Akafuata njia ya nyaya kutoka jenereta mpaka shambani. Kwenye matuta akakuta ncha iliyokatwa.

"Nani kakata waya huu?"

Dorkasi, aliyemfuata nyuma, alisogea. "Mimi, fundi. Nimeuanikia nguo."

"Hee! Unaanika shati la mumeo juu ya kinga yake!"

"Lakini haukuwa na umeme."

"Ndivyo unavyotakiwa. Huu ni waya wa ethi. Umefungwa kwenye chuma cha pampu, na siku zote umelala kimya. Umeme ukivuja kwenye chuma, hupita humu kurudi kwenye jenereta. Swichi ya kinga inausikia, inakata mara moja. Waya usipokuwepo, umeme unabaki kwenye chuma ukitafuta njia nyingine."

"Njia ipi?"

"Fanueli. Amelowa, na ameishika pampu. Jana umemtekenya. Leo ungemwua."

Dorkasi alikimbia nyumbani, akaanua nguo zikiwa bado mbichi, akaurudisha waya. Hezekia aliuunga waya vizuri, akauzika chini zaidi. Juu yake wakapanga mawe meupe yawe alama. Kisha akawasha jenereta. Shimoni hapakuwa na mtu. Alipowasha pampu kutoka juu, swichi ikajikata: ta!

"Mbovu hiyo," alisema Fanueli. "Niilazimishe?"

"Thubutu! Inafanya kazi yake. Inatuambia umeme unavuja. Ikikata, usiirudishe. Niite."

Jenereta ikazimwa tena. Walishuka, wakaona jiwe limechubua waya wa pampu mpaka shaba inaonekana. Hezekia akaweka waya mwingine. Alipima, akawasha. Safari hii swichi haikukata. Fanueli akashuka, na muda si mrefu maji yakaanza kumwagika nje ya mgodi.

"Mungu asifiwe," alisema Dorkasi. Tangu siku hiyo Fanueli hakusikia tena kuwashwa vidole.

Msimu wa kupanda ulipofika, Marta, mke wa Silvano, aliinua jembe karibu na mawe meupe.

"Shoga, sogea huku!" Dorkasi alimwita. "Chini hapo wako waume zetu."

Marta akashusha jembe taratibu, akaenda kuchimba upande wa pili.