Kiti Kilichofungwa Skrubu

– Umefanya nini kwenye chumba changu?

– Nimekufurahisha, alijibu Fundi seremala, akijipangusa unga wa mbao kwenye nyusi. – Au nimekosea mlango?

Mshauri alikishika kiti cha wageni, akakivuta. Kiti kimya. Akakivuta kwa mikono miwili. Wapi! Viti vyote viwili vilikuwa vimefungwa skrubu sakafuni, vinatazamana goti kwa goti, na mbao za sakafu zimepigwa msasa na polishi mpaka unaona meno yako.

– Wateja wako wanakwaruza sakafu niliyoitengeneza mwenyewe kwiii, kwiii, utadhani panya kabanwa na mlango. Sasa pametulia.

– Pametulia? Mteja wangu amekimbia!

Kweli alikimbia. Yule mshonaji, aliyetoka kwa mume mwepesi wa mkono, aliingia asubuhi, akataka kukirudisha kiti nyuma kama kawaida yake, kikagoma. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. Akaaga kwa adabu zote, mkoba akausahau.

Maana kazi ya Mshauri ilianzia kwenye kile kiti. Waliopigwa na kutukanwa ndani ya ndoa walikuja kwake, na kabla ya neno lolote aliwaambia: kiweke pale mwili wako unapopataka. Wengine walikaa mlangoni kabisa. Ndipo anawafundisha kupumua, kuzisikia nyayo zao chini, kuitafuta hofu ilikojificha, kooni au tumboni. Polepole kiti kinasogea. Mtaani walimwita Dada Pumua, wengine kwa kumcheka.

– Sasa mimi ningejuaje? Fundi alifoka. – Nikikuuliza habari za kazi, pumua. Nikikuuliza utaolewa na mimi, pumua. Nimepumua mpaka mapafu yameota sugu!

Simu yake ikalia. Akausoma ujumbe kwa sauti:

"Mwanangu, huyo mtu kasemaje? Nimeshavaa. Nije kuposa au nivue? Shangazi yako."

– Umesikia? Leo ni ndiyo au hapana. Siwezi kumwambia tena kwamba bado unapumua. Atapita mlango huu huu!

Akanyoosha mkono wenye bisibisi kuonyesha mlango. Kuonyesha tu. Mshauri akaruka nyuma, mgongo ukagonga ukuta, viganja usoni.

Fundi akaushusha mkono taratibu.

– Mimi? Umeniogopa mimi?

– Si wewe. Ni mwili huu, hausikii la mtu. Kwa mume wangu wa kwanza kulikuwa na kiti jikoni. Akikasirika ananiambia kaa hapo, usinyanyuke. Nakaa mpaka aseme basi. Chungu kinaungua nakiona, sinyanyuki.

– Na mimi nimekuja nikakufungia kiti.

– Kwa skrubu ndefu.

– Lakini mwenzangu, mbona hukunieleza? Wewe unayewafungua wengine midomo!

– Kinyozi hajinyoi, Fundi.

 Fundi aliiweka bisibisi chini, akaisukuma kwa mguu mpaka miguuni pa Mshauri, akaenda kusimama dirishani, mikono nje ionekane.

– Fungua wewe.

Mshauri akafungua kiti kimoja. Skrubu zilitoka zikilia. Akakiburuta kiti mpaka mlangoni, akakaa, mkono kifuani.

Fundi akakaa kwenye kile cha pili.

– Huko uliko, hata kukutongoza itabidi nipige simu.

Mshauri akacheka bila kutaka. Kwiii. Kiti kikasogea kidogo. Akatulia, akazisikia nyayo zake. Kwiii. Polishi yote ya sakafu ikachubuka mistari, Fundi anaitazama kama anayeona ng'ombe wake akichinjwa, lakini hakuguna. Kwiii, mpaka goti likagusa goti.

– Sasa uliza.

– Utaolewa na mimi?

– Ndiyo. Na siku nikikirudisha mlangoni?

– Nitakungoja.

Mshauri akaiokota bisibisi.

– Simama basi, nifungue na chako.

– Changu kiache hivyohivyo. Mimi sihami.

Mshauri akampigia mshonaji:

– Dada, mkoba wako upo. Na kiti kinasogea.

Fundi naye akaandika kwa kidole chenye polishi: "Shangazi, usivue. Njoo."